Mti Uliokuja Bila Wenyewe

Ukipita Mafinga kwa basi utaiona mikaratusi mpaka uichoke. Kwetu Nyanda za Juu, Tanzania, huo ni mti wa pesa: nguzo za umeme, mirunda ya ujenzi, kuni za viwanda vya chai. Mtoto akibanwa na mafua, bibi huchuma majani yake, huyachemsha pamoja na mchaichai na majani ya mlimao, humfunika mtoto blanketi na kumwamuru avute mvuke hata kama analia. Korona ilipoingia mwaka 2020, nchi nzima ikajifunika blanketi. Nyungu ikawa habari ya mjini, na majani ya mkaratusi yakauzwa kwa mafungu. Nimekulia kwenye harufu hiyo. Enzi za utoto angeniuliza mtu mkaratusi ni mti wa wapi, ningemjibu bila kusita kwamba ni wa Mufindi.

Siku hizi naishi kwa wenye mti. Mimi ni muuguzi, na kazi imenileta Alice Springs, mji ulio katikati ya Australia, jangwa pande zote, ambao wenyeji wake, Waarrernte, huuita Mparntwe. Nikiwa hapa kuna jambo linaniudhi kidogo kila nikilifikiria: sisi tuliletewa mti, hatukuletewa maneno yake. Mbegu zilifika. Watu waliokaa na miti hii kwa makumi ya maelfu ya miaka hawakufika, wala hakuna aliyewauliza lolote kwa niaba yetu. Majani tukaja kuyajua kupitia vichupa vya mafuta vya Wazungu na ubunifu wa bibi zetu. Damu yake hakuna aliyetuambia.

Damu ninayoisema ni utomvu mwekundu unaoitwa kino. Mikaratusi mingi huutoa, mingine kidogo, mingine kwa wingi, lakini huku jangwani bingwa ni arrkernke, ambao Wazungu wanauita mti wa damu. Ni ndugu wa damu kweli wa mkaratusi. Hadi mwaka 1995 wanasayansi waliuhesabu kuwa mkaratusi kamili, kisha wakautenga na wenzake katika jenasi yao, Corymbia. Si mti wa kutisha kwa urefu. Gamba lake la chini limekatikakatika vipande vidogo, na mahali ambapo mdudu ametoboa, moto umepita au shoka limegusa, mti hujaza utomvu kwenye mshipa ulio jirani na jeraha. Mshipa ukipasuka, utomvu hutiririka juu ya gamba. Ukiwa mbichi ni mzito na unanata. Jua likishaupiga unakuwa mweusi wenye wekundu ndani yake, unang'aa, na ukiugonga unavunjika vipande vyenye kona kali.

Mtu wa pwani aliyezoea sandarusi atadhani ni kitu kilekile. Sicho. Sandarusi ni ulimbo wa kweli: uitie kwenye maji itabaki ilivyo, uitie kwenye moto italainika na kunukia. Kino haina harufu ya maana, na inapenda maji. Imejaa tanini, kemikali inayoleta ukakasi. Ndiyo maana dawa zake karibu zote zinaanzia kwenye kopo la maji, na katika nchi ambayo mito hukauka miezi mingi ya mwaka hilo si jambo dogo.

Aliyenionyesha ni bibi mmoja ambaye jina lake siliandiki. Amefariki, na huku jina la marehemu halitajwi hovyo; hata walio hai wenye jina hilo huitwa Kwementyaye kwa muda, mpaka msiba upoe. Nitamwita bibi tu, kama nilivyokuwa namwita alipokuwa hai.

Alitandika kitambaa chini ya mti, akageuza kisu na kugonga utomvu kwa mpini. Vipande vikaanguka. Alivichagua kimoja kimoja: vilivyoshika gamba au mchwa akavitupa, vilivyo safi akavisaga kwa jiwe juu ya jiwe bapa mpaka vikawa unga wa rangi ya matofali. Unga ukaingia kwenye kopo la bati lenye maji ya uvuguvugu, na maji yakaanza kubadilika rangi kabla hajakoroga. Alikoroga kwa kijiti, akaacha yatulie, akachuja kwa kipande cha fulana ya pamba, kisha akanipa kopo nichovye kidole nionje. Ukakasi wake ni wa bibo ambalo halijaiva: ulimi unajikunja, mashavu yanashikana na meno. Alicheka alipoona uso wangu, akasema ulimi ukifanya hivyo ndiyo dawa. Ukakasi ukipungua aliongeza unga. Ukizidi, na mgonjwa ni mtoto mwenye kidonda kibichi, aliongeza maji. Kijiko hakikuwapo. Kipimo chake kilikuwa ulimi, na kabla ya kummwagia mtoto lazima aonje yeye kwanza.

Maji hayo huoshea vidonda, upele na mikwaruzo iliyoingia uchafu. Unga mkavu hunyunyiziwa penye mkato unaovuja damu. Maji yaleyale husukutuliwa kwa fizi na koo, na yakiwa mepesi hunywewa kidogo kidogo tumbo linapoharisha. Wapo wanaoosha nayo macho. Na zamani, kabla ya ndoo za plastiki, kino hiyohiyo ilitumika kudibagha ngozi ya kangaruu iwe kiriba cha kubebea maji jangwani. Nilipolisikia hili la kiriba ndipo kemia niliyokaririshwa chuoni ilipokaa sawa kichwani. Tanini hukamata protini na kuzikaza. Ngozi ya mnyama inakuwa ngumu, haiozi. Kidonda kinapata utando mwembamba juu yake, vimishipa vidogo vinabana, damu inapungua, na bakteria wanakosa mahali pazuri pa kuzaliana. Utumbo unaovuja maji nao unakazwa vivyo hivyo. Kwa tanini, kiriba na kidonda ni kitu kimoja, na watu wa hapa walilijua hilo bila kuhitaji neno tanini. Maabara nazo zimekuja kuonyesha kwamba kino za baadhi ya miti huzuia bakteria.

Niseme pia kwamba siandiki siri ya mtu. Mwaka 1988 jamii za Waaborijini, yaani wenyeji wa asili, wa Northern Territory, eneo lenye Alice Springs, zilichapisha kitabu cha dawa zao za porini, na waandishi wakiwa wao wenyewe. Humo mti wa damu umo. Yapo mengine niliyoyaona au kusimuliwa ambayo hayamo kitabuni. Mengine ni ya wanawake peke yao, mengine ya wanaume peke yao, mengine ya ukoo fulani na ardhi fulani. Hayo yatabaki walikoyaweka wenyewe.

Wazungu waliona utomvu huu mapema sana. Baharia Mwingereza William Dampier alipotia nanga pwani ya kaskazini-magharibi mwaka 1688, aliona miti inayodondosha gundi nyekundu kwenye nyufa zake, akailinganisha na damu ya joka, ile dawa nyekundu ambayo mabaharia wa Bahari ya Hindi waliijua kutoka Sokotra. Miaka 100 baadaye, Januari 1788, meli za wafungwa zikafika Sydney. Daktari mkuu wa msafara, John White, alikuwa na kambi iliyojaa watu wanaoharisha damu na sanduku la dawa linaloelekea kwisha. Akaujaribu utomvu mwekundu wa miti ya pale, akauona unafaa, na akauandika kwenye kitabu alichokichapisha London mwaka 1790. Mafuta aliyoyakamua kwenye majani ya mkaratusi wa pale aliyatumia kwa msokoto wa tumbo, na sampuli akaipeleka Uingereza.

Madaktari wa Kiingereza hawakuwa wageni na utomvu wa namna hiyo. Tangu mwaka 1757 daktari wa London, John Fothergill, alikuwa ameandika kuhusu gundi nyekundu yenye ukakasi kutoka Gambia. Huo ni utomvu wa mti wa ukoo wa mninga, na jina kino lilitoka hukohuko Afrika Magharibi. Likapelekwa India kwa mti mwingine wa ukoo huo, likapelekwa Australia kwa miti isiyohusiana nao kabisa. Kwa hiyo leo mtaalamu wa Sydney akisema kino, anatumia jina lililoazimwa kwetu, kwa dawa ya Waaborijini, kwenye vitabu vya Kiingereza. Biashara ndivyo ilivyo.

Kuna kisa kimoja cha huyo John White ambacho sikifurahii lakini siwezi kukiruka. Mwaka 1789, mwaka mmoja tu baada ya meli kufika, ndui iliwashukia wenyeji wa Sydney. Maiti zilikutwa kwenye mapango na fukwe za bandari. Inakadiriwa karibu nusu ya watu wa eneo lile walikufa. Mtoto mmoja wa Wakadigal, ukoo wa wenyeji wa pale, Nanbarry, aliletwa kambini akiwa mgonjwa. Wazazi wake walikufa, yeye akapona, na White akamchukua kumlea na kumpachika jina refu la Kiingereza. Kwa hiyo daktari aliyeandika kuhusu utomvu mwekundu alikuwa na mwenyeji nyumbani kwake, anakula naye. Lakini wale ambao wangemfundisha Nanbarry matumizi ya miti ya kwao, mama, shangazi, babu, walikuwa wameshazikwa au wamekimbia. Nikisoma historia ya dawa za Australia, sehemu hii huwa inatajwa kwa mstari mmoja, kisha mwandishi anarudi kwenye mimea.

Karne ya 19 ilifanya mambo kwa kasi. Joseph Maiden, mtaalamu wa mimea wa Sydney, alikusanya kino za miti mingi na kuzigawa makundi matatu kwa jinsi zinavyoyeyuka: zile safi zinazong'aa kwa wekundu, zile zenye gundi, na zile zinazofanya maji yawe na ukungu. Ukisoma maandishi yake utaona jambo ambalo bibi alilijua kwa ulimi: kino si moja. Mti huu si sawa na ule, hata kama rangi ni ileile. Wakati huohuo vidonge vya kumung'unya vya gundi nyekundu viliuzwa Uingereza kwa wenye maumivu ya koo, na kino ya mkaratusi ikaingia kwenye orodha rasmi ya dawa ya Uingereza. Baadaye dawa za viwandani zikaisukuma nje na ikasahaulika.

Mafuta ya majani hayakusahaulika. Mfamasia Joseph Bosisto alianza kuyatengeneza kibiashara katika jimbo la Victoria, Australia, mwaka 1852, akitiwa moyo na Ferdinand von Mueller, mtaalamu wa mimea wa serikali. Huyu Mueller alikuwa mhubiri wa mikaratusi. Aliieneza mbegu yake duniani kwa bidii ya mtu anayelipwa kwa kila mche. Miti inakua haraka, inakausha madimbwi, inatoa kuni: serikali gani ya kikoloni ingekataa? Menelik, mfalme wa Ethiopia, akaikaribisha Addis Ababa miaka ya 1890, mji uliokuwa umemaliza kuni zake. Kenya ikaipanda kuanzia mwaka 1902 ili treni za Reli ya Uganda zipate kuni. Tanzania nayo ikafuata. Leo tunaulalamikia mti huohuo kwamba unakunywa maji. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa Kenya, John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyo kandokando ya mito na vyanzo vya maji ikatwe. Alikuwa na hoja. Lakini mti wenyewe haukuomba kupandwa mtoni.

Katika orodha yote hiyo ya wasafirishaji, tafuta Mwaborijini mmoja. Humpati.

Nirudi kwenye kazi yangu, maana kuna anayeweza kudhani haya ni mambo ya makumbusho. Katika vijiji vya jangwani huku, vidonda vya ngozi kwa watoto ni tatizo la kila siku, na upele pia. Nyumba zina watu wengi, bomba limeharibika, fundi yuko mbali. Bakteria wa koo na wa vidonda vya ngozi wanaweza kuufanya mwili ujishambulie hadi kuharibu vali za moyo, na Waaborijini wa maeneo haya wana viwango vya ugonjwa huo wa moyo ambavyo ni miongoni mwa vya juu kabisa duniani, ndani ya nchi tajiri. Kijana akishaupata, anachomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, kwa miaka. Mimi ni mmoja wa wanaochoma. Inauma, ni sindano nzito, na hakuna kijana anayefurahi kuniona nikishuka kwenye gari.

Kwa hiyo kuosha kidonda mapema ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Nikiwa kwenye kliniki moja ya huko, bibi mwingine alimleta mjukuu mwenye vidonda miguuni, na mkononi ana chupa ya soda iliyojaa maji mekundu. Mwenzangu aliyekuwa zamu aliichukua ile chupa kwa tabasamu, akaimwaga kwenye sinki, akaanza kueleza habari za maji safi na vijidudu. Bibi hakusema kitu. Mtoto alitibiwa vizuri, kwa taratibu zote. Mara ya pili hakuletwa mpaka vidonda vilipokuwa vimeoza. Mwenzangu hakukosea kuhusu vijidudu: chupa ya soda si chombo safi, na utomvu hauzuii moyo kuharibika. Sikumsikia mtu yeyote mzee akidai kwamba unazuia. Bibi alikuwa ameshafanya hatua ya kwanza nyumbani, ameosha, akaja kwetu kwa hatua ya pili. Tungeweza kumuuliza amechemsha vipi maji, tukampa chupa safi, tukaendelea.

Na hili si gumu kiasi hicho, kwa sababu kuna wanaolifanya. Huko kusini, kwenye ardhi za Waanangu, waganga wa jadi wanaoitwa ngangkari huitwa kliniki na hospitalini kufanya kazi pamoja na madaktari, na huheshimiwa kama wenzao. Hapa mjini kuna Purple House, shirika lililoanza pale wachoraji wa Papunya Tula, kampuni ya wachoraji Waaborijini wa jangwani, na wenzao walipouza picha zao mnadani mwaka 2000 na kukusanya zaidi ya dola milioni moja, ili wagonjwa wa figo wasifie mjini mbali na kwao. Mwaka 2004 mashine ya kusafisha damu ikawashwa Kintore, kijiji cha jangwani. Purple House hiyohiyo inatengeneza marhamu ya mimea ya porini, ikiwamo irmangka-irmangka, kichaka ambacho majani yake yana mafuta makali, na inaiuza. Mgonjwa amefungwa kwenye mashine ya kisasa saa nyingi, na chumba cha pili wanachemsha dawa ya bibi yake. Sijaona hospitali iliyonifundisha zaidi kuhusu neno mgonjwa ni wa nani.

Suala la nani anafaidika linakuja lenyewe hapo. Huko Western Australia kuna kichaka ambacho Wanoongar walikijua kwa tiba. Wamarekani walikichukua miaka ya 1960 kukipima kama kinatibu saratani, wakakiweka kabatini, kisha miaka ya 1980 wakakuta kina kemikali inayopambana na virusi vya UKIMWI. Leseni zikaandikwa kati ya serikali na kampuni, Wanoongar hawakuwamo. Mambo yamesogea kidogo tangu hapo. Jimbo la Queensland lilibadili sheria yake mwaka 2020, na sasa anayetafuta dawa kwenye mimea kwa kutumia maarifa ya wenyeji lazima akubaliane na wenyewe kwanza. Kabla ya sheria hiyo, mwaka 2015, Chuo Kikuu cha Queensland kilisaini mkataba na shirika la Waindjalandji-Dhidhanu wa Camooweal, chini ya Colin Saltmere, kuhusu nyasi za spinifeksi. Hizo ni nyasi za miiba zinazotoa ulimbo wa kweli: hupigwa, hupepetwa, vumbi lake huyeyushwa motoni, na gundi inayotoka ndiyo iliyokuwa ikishikiza ncha ya jiwe kwenye mkuki. Chuo hakikuishia kwenye ulimbo. Kilitaka nyuzi nyembamba zilizomo ndani ya nyasi, za kuimarishia mpira. Lakini kilikwenda kwanza kwa wenye nyasi.

Najua nikishachapisha hii, simu zitaingia kutoka nyumbani: je, tukakwangue mikaratusi ya shamba? Jibu langu kama muuguzi ni hapana, angalau si ya kunywa. Mikaratusi tuliyopandiwa ni ya aina nyingine, ilichaguliwa kwa nguzo na kuni, na hakuna bibi wa Mufindi aliyeijua damu yake kwa ulimi vizazi na vizazi. Na mafuta ya mkaratusi, yale ya kichupa, yasimkaribie mdomoni mtoto mdogo. Mililita chache tu zinaweza kumtia degedege.

Anayetaka utomvu mwekundu wenye wenyewe waliopo, asije Australia. Aende Tabora au Urambo, atafute mninga uliokatwa tawi asubuhi hiyo, auone unavyovuja, kisha amuulize mzee wa pale wao huufanyia nini. Mimi likizo ijayo nitapita huko, na nitabeba daftari.